Kanzu si Ushahidi: Tujue Sheria Tunaposimamishwa Njiani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika jarida letu tumezoea kuandika juu ya swala, adabu kwa wazazi na umuhimu wa kutafuta elimu. Mwaka huu tumeonelea tuandike juu ya swali ambalo mwanafunzi wetu mmoja alituuliza, na sisi walimu wake tukashindwa kumjibu vizuri. Swali lenyewe ni fupi: "Ustadh, nikisafiri nivae nini?"

Kijana huyu ana miaka kumi na saba. Alikuwa anarudi hapa Morogoro kutoka kwa shangazi yake, amevaa kanzu na kofia, na katika begi lake mlikuwa na nguo, msahafu, daftari za fiq'hi na chupa ya mafuta ya habasoda aliyotumwa na mama yake. Njiani basi lilisimamishwa na askari waliokuwa zamu, ambao hatuwataji wala hatutaji kituo chao. Katika basi zima waliteremshwa watu wawili tu, yeye na mzee mmoja mwenye ndevu na kofia. Begi likamwagwa chini, msahafu ukaangukia vumbini. Chupa ya habasoda ikanuswa. Akaulizwa madrasa yake inafundisha nini, nani anailipia, na kwa nini ameandika Kiarabu katika daftari. Hakuelezwa anashukiwa kosa gani. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Baada ya muda akaambiwa, "Haya, nenda." Basi lilikuwa limekwisha ondoka. Yule mzee ndiye aliyemlipia nauli ya gari jingine.

Kijana alipofika Mwembesongo hakumlalamikia mtu. Aliokota adabu yake, akaja darasani, akauliza swali lake.

Walimu tukagawanyika. Mmoja wetu alisema, "Mwanangu, vaa shati na suruali ukiwa safarini, usijitafutie balaa." Mwingine akasema avae kanzu yake na yatakayomkuta ayastahamilie. Ukweli ni kwamba majibu yote mawili yalikuwa na kasoro. La kwanza lilimfundisha kuionea haya nguo yake. La pili lilimwachia mzigo wote yeye, mtoto wa watu, bila silaha yoyote ya elimu. Makala haya ni jibu letu la tatu, nasi tunamwomba radhi kwa kuchelewa.

HOFU HII IMETOKA WAPI?

Ni lazima tuwe waadilifu. Hofu ya ugaidi haikutungwa hewani. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa na watu 11 wakafa. Siku hiyo hiyo Nairobi wakafa zaidi ya watu 200. Mei 2013 kanisa la Olasiti, Arusha, lilitupiwa bomu na watu watatu wakapoteza maisha. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na askari wakauawa wakiwa kazini. Hata hapa mkoani kwetu, Aprili 2015, polisi walitangaza kuwakamata watu kumi katika msikiti huko Kidatu, wilayani Kilombero, na kusema wamekuta vilipuzi.

Askari anayesimama barabarani usiku naye ni mtoto wa mtu, ana mke na watoto wanaomngoja. Kuua watu wasio na hatia ni haramu katika dini yetu, na anayefanya hivyo kwa jina la Uislamu ameudhulumu Uislamu kabla ya kuwadhulumu aliowaua. Hilo tunalifundisha darasani na tunalirudia hapa.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, nchi nyingi zilitunga sheria za ugaidi. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi Novemba 2002, Rais Benjamin Mkapa akaitia saini Desemba mwaka huo, ikaanza kutumika Juni 2003. Taasisi nyingi za Kiislamu ziliipinga wakati ule, zikihofu kuwa itawaangukia Waislamu zaidi kuliko wengine. Aidha, sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wetu wengi waliokuwa wakiijadili misikitini hawakuwahi kuisoma. Waliiogopa kwa kusikia. Sisi tunasema, jambo likikugusa lisome kwanza.

SHERIA INASEMA NINI?

Kwa kawaida, askari akitaka kupekua nyumba ya mtu anatakiwa awe na hati ya upekuzi. Hati hiyo hutumika mchana, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama iruhusu wakati mwingine. Hayo yamo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sheria hiyo hiyo inaruhusu upekuzi wa dharura bila hati, pale ambapo kosa ni zito na kungoja kutaharibu ushahidi au kuleta madhara.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi iliongeza nguvu. Inampa askari wa cheo cha Mrakibu Msaidizi wa Polisi na kuendelea uwezo wa kuingia mahali, kusimamisha gari na kulipekua, kuchukua vitu na kumkamata mtu bila hati, ikiwa kuna dharura na kungoja hati kungehatarisha usalama wa umma. Askari wengine wanaweza kumsaidia.

Sasa tuangalie kwa makini, maana hapa ndipo penye somo. Hata sheria hii kali haikusema askari apekue yeyote apendavyo. Imesema awe na sababu ya kushuku kwamba kosa la ugaidi linatendeka au linaelekea kutendeka, au kwamba ushahidi wake umo mahali pale au ndani ya gari lile. Imeweka sharti la dharura. Imeweka sharti la cheo. Na mwanamke anatakiwa kupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kulinda heshima yake.

Tujiulize basi: je, kanzu ni sababu ya kushuku? Ndevu ni sababu? Msahafu je? Nchi hii ina mamilioni ya watu wanaovaa kanzu, kuanzia mabwana harusi hadi wazee wa Kiluguru wanaoteremka kutoka Mkuyuni na Kinole siku ya Ijumaa. Alama waliyonayo mamilioni haiwezi kumtambulisha mhalifu mmoja. Askari anayemteremsha mtu kwa kanzu peke yake hajatumia sheria ya ugaidi, bali ameiacha sheria na kufuata dhana yake.

DINI INASEMAJE KUHUSU DHANA?

Allah (s.w.) katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, na akatukataza kupelelezana. Katika aya ya 6 ya sura hiyo hiyo ametuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa na bila salamu.

Wanafunzi wetu wanakijua kisa kinachosimuliwa juu ya Sayyidna Umar (r.a.). Usiku mmoja, akiwa khalifa, alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta akaingia, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: Ewe Amirul-Muuminin, mimi nimemuasi Allah mara moja, lakini wewe umemuasi mara tatu. Umepeleleza naye amekataza, umepita ukutani naye ameamrisha tupite milangoni, na umeingia bila idhini wala salamu. Umar, pamoja na ukali wake, akakiri na kumwacha.

Mafunzo ya kisa hiki ni kwa pande mbili. Kwa mwenye mamlaka, kwamba nia njema haihalalishi njia mbaya. Kwa raia, kwamba yule mtu hakumpiga Umar wala hakukimbia. Alimjibu kwa hoja kwa sababu alikuwa anaijua sheria. Lau asingeijua, angeishia kutetemeka.

Wala hatupingi kukaguliwa. Anayepanda treni ya SGR hapa Morogoro, tangu safari zilipoanza mwaka 2024, huweka begi lake kwenye mashine. Padri anaweka, shehe anaweka, mama muuza nyanya anaweka. Hakuna anayenung'unika, kwa sababu wote wametendewa sawa na hakuna aliyevuliwa heshima. Kinachouma ni kuchaguliwa wewe peke yako kati ya abiria hamsini kwa sababu ya kofia.

JE, KUPEKUA OVYO KUNALETA USALAMA?

Wapo watakaosema: "Bora wapekuliwe wengi bila sababu kuliko bomu moja lilipuke." Hoja hii si ya kupuuzwa, na jibu lake lipo kwa wale waliokwisha jaribu.

Uingereza ilikuwa na kifungu cha 44 katika sheria yake ya ugaidi ya mwaka 2000. Kilimruhusu askari, katika maeneo yaliyotangazwa, kumsimamisha na kumpekua mtu bila ya kuwa na sababu yoyote ya kumshuku. Katika mwaka wa 2009/10 peke yake watu zaidi ya 100,000 walisimamishwa kwa kifungu hicho. Waliokamatwa kwa kosa la ugaidi kutokana na upekuzi huo hakuwepo hata mmoja. Weusi na Waasia walisimamishwa zaidi kuliko wengine kulingana na idadi yao. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Gillan na Quinton, ikaamua kwamba nguvu hizo zilivunja haki ya faragha kwa kuwa hazikuwa na mipaka ya kutosha. Mwaka 2012 kifungu kikafutwa na kuwekwa kingine chenye masharti zaidi.

Tuje kwa jirani zetu Kenya. Aprili 2014 serikali ilifanya msako mkubwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengine wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miezi miwili baadaye Mpeketoni ikashambuliwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa wakauawa; waliokufa siku ile walikuwa 148. Msako haukuyazuia hayo. Anayevua kwa kokoro la matundu madogo hujaza ngalawa dagaa, na papa akapita pembeni.

Usalama huletwa na habari, na habari huletwa na watu wanaowaamini polisi. Anayeweza kumjua kijana anayepotoshwa ni mama yake, jirani yake, mwalimu wake. Je, mama huyo atakwenda kituoni ikiwa mara ya mwisho mwanawe alimwagiwa begi vumbini? Kila upekuzi wa dhulma hufunga mdomo mmoja ambao ungeweza kusema.

KWA NINI TUSILIONE NI JAMBO DOGO?

Huenda mzazi akasema, "Kijana aliachiwa, yamekwisha." Hayajaisha, kwa sababu upekuzi ni mlango, na nyuma ya mlango huu kuna nyumba ndefu. Makosa ya ugaidi kwa sheria yetu hayana dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha kunyima dhamana kinapingana na Katiba, lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo mtu akishtakiwa kwa ugaidi hungoja mahabusu mpaka kesi iishe.

Wote tunakumbuka masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem. Walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayafuta mashtaka na wakatoka. Ni takriban miaka saba. Mtoto aliyeachwa darasa la kwanza alikuwa amemaliza shule ya msingi. Mashtaka yalifutwa, lakini ile miaka hakuna aliyeweza kuifuta wala kuirudisha.

Ndiyo maana tunasema kuwa ulinzi wa mtu unaanzia pale barabarani, kwa kujua kilichochukuliwa, kilichoandikwa na nani ameshuhudia.

TUFANYE NINI TUKISIMAMISHWA?

Wanafunzi wetu, yashikeni haya kama mnavyoshika nguzo za udhu.

1. Usikimbie, usibishane kwa matusi, usimshike askari. Kukimbia kunampa sababu ya kushuku ambayo hakuwa nayo. Toa salamu, simama mahali pa wazi, acha mikono yako ionekane.

2. Uliza kwa adabu: "Afande, naomba kujua jina lako na kituo chako, na ninashukiwa kosa gani." Anayekukamata anatakiwa akuambie kosa unalokamatiwa. Kuuliza si ukaidi.

3. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Dada zetu, hili si ombi la hisani, limo katika sheria. Sema kwa upole lakini sema.

4. Vitu vikichukuliwa, omba stakabadhi yenye orodha, isainiwe na mwenye mali na mashahidi. Nyumbani, muombeni mwenyekiti wa mtaa au mjumbe awepo. Usisaini orodha usiyoisoma. Mahakama ya Rufani imeshaviondoa vielelezo katika kesi kwa sababu upekuzi ulifanywa bila hati na bila dharura. Kwa hiyo karatasi hizi zina uzito.

5. Ukikamatwa, hulazimiki kujibu maswali zaidi ya jina na anwani yako. Una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Mtoto akikamatwa, mzazi au mlezi anatakiwa ajulishwe. Aidha, unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

6. Ukiachiwa, andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, namba ya gari la polisi, maneno yaliyosemwa, na nani aliona. Kumbukumbu ya ulimi huchakaa, ya wino hubaki.

Na wazazi nao wana wajibu wao. Mtoto akirudi na habari kama hii, msimwambie "nyamaza, usituletee matatizo." Mpelekeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya mkatoe malalamiko kwa maandishi. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kwa hiyo udhuru wa lugha unapungua. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kazi za polisi zilikuwa miongoni mwa yaliyoangaliwa. Serikali yenyewe imekiri kwamba kuna la kurekebisha. Tukinyamaza, nani atajua tuliumia wapi?

Wajibu wa tatu ni wetu sisi walimu. Milango ya madrasa iwe wazi. Mtaala wetu ujulikane, wafadhili wetu wajulikane, na mgeni anayekuja kufundisha tumjue ametoka wapi. Tukimsikia mtu anawafundisha vijana kuhalalisha damu za watu, tusimfiche kwa sababu ni mwenzetu. Hatuwezi kuwaambia polisi watofautishe mwema na muovu ilhali sisi wenyewe tunakataa kutofautisha.

Na kama kuna askari anayesoma haya, kwani wapo ambao watoto wao ni wanafunzi wetu, tunamwambia: ndugu yetu, tupekue unapokuwa na sababu, na utuambie sababu hiyo. Msahafu uushike kwa heshima, au mwombe mwenyewe aushike. Ni jambo la dakika moja, lakini kijana atalikumbuka maisha yake yote, kwa wema au kwa uchungu.

JIBU LETU

Tunarudi kwa kijana wetu. Tangu siku ile, akisafiri alikuwa anaikunja kanzu chini kabisa ya begi, anavaa fulana, na kofia anaitia mfukoni mpaka afike. Hakuna askari aliyemwamrisha afanye hivyo. Alijiamrisha mwenyewe kwa hofu, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi kuliko nauli na vumbi.

Mwanetu, ukisafiri vaa unachopenda katika mavazi ya stara. Ukipenda shati, vaa shati kwa sababu umelipenda. Ukipenda kanzu, vaa kanzu, na hizi kanuni sita ziwe kichwani mwako kama dua ya safari ilivyo ulimini mwako. Safari ijayo hutasimama pale ukiwa unatetemeka. Utasimama ukiwa raia anayeijua sheria na Muislamu mwenye adabu, na hayo mawili hayagombani.

Tunamuomba Allah (s.w.) ailinde nchi yetu na kila shari, awaongoze wenye mamlaka katika uadilifu, na awape subira na haki wote walioko mahabusu bila hatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.